Baba Mdogo Alinikana Mbele ya Muuza Kahawa

(Mwenye kisa hiki ametuomba tufiche jina lake na la shule yake. Tumefanya hivyo. Yanayofuata ni maneno yake mwenyewe.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka kumi na sita, nasoma darasa la nane hapa Lindi. Kwetu ni Njinjo na kabila langu ni Mngindo. Baba alifariki nikiwa mdogo. Tangu hapo mama na mimi tunakaa kwa baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja, mwenye duka hapa mjini. Mama humpikia. Mimi si msemaji, nimezoea vitabu kuliko watu, lakini safari hii nimejaa hasira na lazima niiseme.

Likizo iliyopita baba mdogo alinichukua Unguja. Alikwenda kuposa binti wa tajiri mmoja, nitamwita Bwana Salim. Nilifurahi mno, maana mji ule nilikuwa nikiusoma tu katika kitabu cha jiografia. Tuliposhuka melini nilipokewa na harufu ya karafuu zilizoanikwa juani. Bwana Salim mwenyewe alitutembeza: Jumba la Maajabu, vichochoro vyenye milango ya misumari ya shaba, soko la Darajani. Kila alipotuonyesha kitu, baba mdogo alisema, "Kwetu Kilwa Kisiwani wazee wetu walikuwa na kama hiki. Sisi Washirazi tumejenga zamani." Nilimtazama. Babu yetu alilima mtama Njinjo mpaka akafa. Nikaendelea kutazama milango.

Jioni tukaenda Forodhani. Bendi ilikuwa ikipiga, taa za umeme zinawaka, watu wamevaa kanzu nyeupe na watoto wao wanakimbizana kwenye majani. Niliwaza, nikifika Lindi nitaandika insha juu ya jioni hii. Akapita muuza kahawa, mzee mwenye dele mkononi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lafudhi hiyo ya kwetu bara. Kwenu wapi?"

"Njinjo."

Mzee aliweka dele chini, akaninyang'anya kofia, akaivaa yeye. "Mngindo! Mimi Mngoni wa Songea! Miaka yote hii natafuta mtumwa wangu, kumbe yuko Forodhani anakula upepo!"

Wa kwetu mnajua. Mngoni na Mngindo ni watani, hata msibani tunatukanana na hakuna anayekasirika. Mimi mwenye aibu zote hizi, ulimi ulifunguka. "Mngoni gani wewe? Babu zako walikuja kututeka, wakapotea porini, babu zangu wakawapa uji ili waache kulia!"

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwona baba mdogo. "Na huyu?"

"Baba yangu mdogo."

"Alhamdulillahi, watumwa wawili! Bwana, nisaidie kuwafunga kamba," akamwambia Bwana Salim.

Bwana Salim hakucheka. Unguja neno lile halifanyiwi mzaha. Akauliza polepole, "Watumwa?"

Angesema neno moja tu, "Ni utani wa kwetu," yakaisha. Badala yake baba mdogo alinizaba kofi, bendi ikiendelea kupiga. "Mshenzi huyu si damu yangu. Ni mtoto wa mpishi wangu, nimemleta anibebee mzigo."

Mzee alinivisha kofia yangu taratibu. "Nisamehe, mwanangu," akasema, akaokota dele lake. Baba mdogo akanitwika kapu la zawadi, nikatembea nyuma yao hadi nyumbani kwa Bwana Salim. Wao walikula sinia moja sebuleni. Mimi nililetewa sahani jikoni.

Sasa Bwana Salim bado ana shaka na ukoo wetu. Anakuja Lindi Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, kujionea. Baba mdogo ameniambia bila haya, "Akikuuliza, baba yako alikuwa mpagazi wangu. Ukikataa, wewe na mama yako mrudi Njinjo, na shule basi." Mtihani wa darasa la nane uko mwisho wa mwaka.

Nilimweleza mama. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. "Sema tu, baba. Mimi najua nilikuzaa na nani. Wewe soma."

Maneno yake yananiuma kuliko kofi. Namchukia mtu yule, na kila siku nakula chakula chake. Nikisema anachotaka, namzika baba yangu mara ya pili, na safari hii bila jina. Nikikataa, mama anarudi kushika jembe kwa ajili ya kiburi changu.

Mlionizidi umri na mliosoma kunizidi, niambieni: Bwana Salim akikaa sebuleni, mama akisikiliza kutoka jikoni, nami nikiulizwa mimi ni mtoto wa nani, nijibu nini?