Kidaraja cha mama kimefungiwa stoo

Mhariri, jina langu libaki humo humo kwenye bahasha. Kijiji nacho usikitaje, andika tu huku juu migombani, kupanda kutoka Moshi mjini. Nina miaka arobaini na moja, niliachika, sina mtoto, na huu ni mwaka wa sita namuuguza mama yangu. Alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, anatumia kiti cha magurudumu alichopewa na parokia. Ninayetaka kumsema ni mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, mfanyabiashara wa Dar. Kwa mila zetu kihamba cha baba, yaani shamba la migomba lenye makazi ya ukoo, ni chake, na hilo silipingi. Ila namdharau, na leo nimeamua kusema.

Bwana huyu alijenga nyumba kihambani. Vyumba saba, nguzo mbili mbele, bati jekundu linaloonekana mpaka ng'ambo ya korongo. Analala humo siku kumi kwa mwaka, za Krismasi, halafu anarudi Dar na kutuachia vumbi la kufuta. Mlango wa mbele akauwekea kizingiti kirefu kuliko shubiri, eti nyumba ionekane imesimama. Wakati huo mama alikuwa tayari hana mguu. Mwanamume mzima anajenga nyumba ya kumtunzia mama yake, anasahau kwamba mama anatembea kwa magurudumu! Mlango wa jikoni nao ni mwembamba, kiti hakipiti kabisa.

Nilipolalamika alileta kidude cha bati kutoka Dar, cha kuegesha mlangoni kiti kipite juu yake. Kinakunjwa, kinang'aa, majirani wakaitwa kuja kukiona. Nikamuuliza, "Ulipima kizingiti?"

Akacheka. "Dada, nilipima buti ya gari. Kimeingia vizuri."

Nawaapia ndivyo alivyosema. Kilikuwa kifupi mno, mteremko wake kama wa paa. Siku ya kwanza ya manyunyu kiti kiliteleza kinyumenyume mama akiwa juu yake, nikakizuia kwa kifua. Mbavu ziliniuma wiki mbili. Nilipompigia simu, mheshimiwa akaniambia labda sijui kusukuma.

Nikashuka Bomang'ombe kwa seremala mmoja mzee. Huyo hakuwa na simu ya kuning'iniza kiunoni, lakini aliniuliza mambo ya maana: kizingiti kina kimo gani, anayesukuma ni nani, na mvua ya huko kwenu ikoje. Kimo nilikuwa nacho, nilikipima kwa kamba ya mgomba. Akaniambia ubao uwe mrefu kuliko mtu mzima aliyelala, la sivyo kila siku nitakuwa napandisha gunia mlimani. Akatengeneza kitu cha vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba ili niweze kukikunja na kukibeba peke yangu, pembeni akaweka kingo gurudumu lisichomoke, juu akapigilia mpira wa tairi kuukuu. Kina sura mbaya, sikatai. Mama alikiita kidaraja.

Kwa kidaraja kile mama alianza kuishi tena. Kila asubuhi tulizunguka kihamba, anakagua migomba na kunigombeza kwa ndizi zilizoliwa na ndege. Jumapili alisimama na watu wanaotoka misa kupiga soga, maana kwake yeye kukaa pale njiani ndiko kusimama. Siku za sala za jumuiya nilikibeba kichwani mpaka kwa majirani, kwa sababu na wao wana vizingiti.

Pasaka mwaka huu mdogo wangu akaja na wageni wenye kamera.

"Dada, huu ubao wa bucha unafanya nini mbele ya nyumba yangu?"

"Ni njia ya mama."

"Watu wanapiga picha pale. Mama akitaka kutoka si atabebwa?"

"Abebwe na nani, na wewe uko Dar?"

"Usinijibu hivyo. Hapa ni kwangu. Ukiweka tena takataka hapo mlangoni, utafute pa kukaa."

Akakifungia stoo, ufunguo akaondoka nao. Mtu aliyeshindwa kupima mlango, kufunga kufuli anaweza.

Sasa niwaambie kosa langu. Mama alikuwa amelala, hakusikia chochote. Alipouliza kidaraja kiko wapi, nikasema bawaba imekatika, fundi amekichukua. Nilimwonea huruma. Mtoto huyo ndiye roho yake, picha yake iko ukutani pembeni ya Bikira Maria. Nilidhani ni uongo wa siku mbili, leo ni miezi saba. Mama anakaa ndani ya mlango, magurudumu yamegusa kizingiti, anatazama nje. Kila asubuhi anauliza, "Fundi bado?" Nami najibu, "Bado, mama." Mzee wa watu asiye na kosa sasa anaitwa tapeli. Majirani wawili wa kiume walikuwa wakinisaidia kumtoa, lakini mama anaona aibu kushikwa mapaja na wanaume, siku hizi anakataa. Na mimi nikilala najisikia vibaya sana, kwa sababu aliyemfungia ndani ni mwanawe, ila anayelinda siri ni mimi.

Mdogo wangu anakuja Krismasi. Mbuzi wawili wapo, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaagizwa. Juzi mama akaniita, uso umechangamka. "Achana na huyo fundi wako. Mdogo wako akija nitamweleza mwenyewe. Ana moyo yule, atanitengenezea kingine siku hiyo hiyo." Akanituma nimnunulie kitenge kipya, cha kuvaa siku hiyo atakayotoka nje.

Kitenge nimeshanunua, amekilaza mapajani anakipapasa. Wasomaji wenzangu, nimwambie ukweli sasa, au nimwache amwombe mwanawe mwenyewe na asikie kwa masikio yake anavyojibiwa? Na nikivunja lile kufuli tukafukuzwa, nimsukume kwenda wapi? Nishaurini, nifanye nini, na msichelewe. Kila gari likipanda huku mama ananiuliza kama ni la mwanawe.