Kamba Isiyofika Kwenye Pembe

Baba alipima sakafu ya kanisa la kigango chetu, kule Rugu, kama alivyopima nyumba zote za msonge alizojenga na babu. Alifunga kamba kwenye nguzo ya kati, akaivuta moja kwa moja hadi katikati ya ukuta, mita tano, akapiga hesabu ya duara. Alipata mita za mraba sabini na nane na nusu, na saruji ikaletwa kwa kipimo hicho. Lakini kanisa lile, lililokuwa bado bila paa, lilikuwa na kuta sita zilizo sawa, na pembe sita.

Niligundua asubuhi ya kumwaga zege. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani, na siku hiyo nilibeba maji pamoja na akina mama. Nilitua ndoo pembeni, na jicho langu likafuata kamba ya baba. Ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo. Niliinyoosha kuelekea pembe. Haikufika.

Baba alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi tangu aumie nyonga, na watu walishasema mikono yake imechoka. Zege la sakafu humwagwa siku moja, likiungwa kesho yake linapasuka. Kama saruji ingeisha kabla ya pembe, hakuna ambaye angemwita tena.

Nilichora chini kwa kijiti. Kutoka kwenye nguzo, pembetatu sita. Kila moja ina nyuzi sitini kwenye nguzo. Nikaigawa katikati, thelathini. Tanjenti ya thelathini mara tano ni nusu ya ukuta, mita mbili na sentimita themanini na tisa. Nilipima ukuta kwa tepu, ukakubali. Eneo lote lilikuwa themanini na sita na nukta sita. Nilirudia mara tatu, nikiomba nimekosea.

Toroli la kwanza lilikuwa tayari limemwagwa. Katekista akaniona nimechuchumaa.

"Fundi, binti yako anapima kanisa au anampima baba yake?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nilimsogelea nikamwambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, kwamba mifuko mitano ya saruji itapungua. Akaniambia nirudi kwenye maji. Sikurudi. Niliishika ncha ya kamba, nikaivuta mbele yake kuelekea pembe hadi ilipokoma, nikasimama hapo na pengo kati ya mkono wangu na ukuta.

Alilitazama pengo lile. Koleo zikasimama.

"Tata," nilimwita baba kwa lugha yetu, "msonge hauna pembe."

Alipangusa uso kwa kiganja, akawageukia watu.

"Nimekosea kipimo. Endeleeni kumwaga, anzieni kule mbali. Mifuko mitano iko kwangu."

Nilijua mifuko ile. Ilikuwa ya sakafu ya sebule yetu, mama aliingoja tangu mavuno yaliyopita. Niliileta mmoja mmoja kwa baiskeli, nikiisukuma mlimani, wingu likining'inia upande wa Bweranyange. Wa tano ulifunguliwa pembe ya sita ikiwa bado udongo mtupu. Mvua ilianza baba akisawazisha sehemu ya mwisho, ya ukubwa wa kiganja, na akina mama wakafunika kwa majani ya migomba.

Sebule yetu ni ya udongo hadi leo. Jumapili mama hutandika nyasi mbichi, na hajaniuliza kuhusu tanjenti.