Masomo Arobaini na Moja ya Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na jina hilo alilipata kwa sababu kifungo chake hakikung'oka hata shati likichanika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Binti yake, mwalimu aliyeolewa nchi ya mbali, alimrekodia masomo arobaini na moja, akamtumia kwenye simu ili aweze kuzungumza na mjukuu asiyejua Kiswahili. Mama akaahidi kusikiliza akimaliza sare za muhula. Tuambizane ukweli: sare za muhula haziishi. Binti akaugua wiki tatu tu, akafa, na hata somo la kwanza lilikuwa halijafunguliwa.

Baada ya msiba mkwe wake alipiga simu. Alisema mtoto, mwenye miaka sita, hajatamka neno tangu mazishi, wala nyumbani wala shuleni. Labda bibi angemfungua kinywa. Mama Vifungo akaomba apewe mwezi mmoja.

Akajikaza kisabuni, akabonyeza somo la kwanza.

"Mama, kaa vizuri," binti akasema. "Wake up ni kufumbua macho. Get up ni kutoka kitandani. Haya, sema na wewe."

Kikafuata kimya cha kumpa nafasi ya kujibu, na ndani yake binti alisikika akipumua. Siku hiyo Mama Vifungo hakujibu kitu. Alirudia kusikiliza ile pumzi mpaka simu ikazima, mguu umeganda kwenye pedali, sketi ya watu imekwama chini ya sindano.

Kesho yake alijibu. Put on, kuvaa. Take off, kuvua. Look after, kutunza. Hilo lilimchoma, kwani yeye alikuwa ametunza vifungo. Hakuwa na mwalimu mwingine, hivyo aliokota kila kitu: jinsi binti alivyovuta mwisho wa neno, na kile kicheko kidogo kabla ya kila sentensi. Mteja mmoja aliyesubiri mlangoni aliuliza hao wanawake wawili wanaozungumza ndani ni mapacha nini. Mama Vifungo alimwambia ashughulike na suruali yake, kisha akakaa chini.

Jumamosi ya ahadi, mkwe alimwekea mtoto simu sikioni. Mama Vifungo alicheka kidogo, kama alivyofundishwa, akamuuliza kwa Kiingereza kama ameshaamka na kutoka kitandani.

Upande wa pili mtu alivuta pumzi.

"Mummy?" mtoto akasema. "Are you coming back?"

Mama Vifungo alielewa yote, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza akajuta kujifunza. Angesema ndiyo, mtoto angeendelea kuongea. Na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alitamani sana kusema ndiyo. Akamwambia polepole kwamba hapana, mama harudi, huyu ni bibi.

Alimsikia mkwe wake akilia nyuma. Hatimaye mtoto akanong'ona kwamba ni sawa, bibi aendelee tu kuongea, yeye atafumba macho.