Taa Nyekundu Tangu Mazeras

Tak-tak-tak-tak. Mpaka leo naisikia stata ya pikapu yetu ikilia pale Makupa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Tulitoka Mariakani saa mbili asubuhi. Alfajiri ilikuja simu kwamba Bi Zuhura wa Mji wa Kale, mdogo wake nyanya, amefariki, na maziko ni baada ya adhuhuri. Nyanya hakutaka kitu ila kumwona uso kabla jeneza halijatoka, maana sisi wanawake makaburini hatuendi. Nikasema nitampeleka mwenyewe. Gari nalipenda mno, na siku nyingi nilishajiona nikimshusha nyanya mlangoni kwao, majirani wakichungulia madirishani.

Tulipofika Mazeras, taa nyekundu ya betri iliwaka mbele yangu. Niliiona. Nikaendelea kumsimulia nyanya gereji nitakayofungua, yenye maua mlangoni.

Saa tano kasoro, baada ya foleni ndefu, tukiwa Makupa pa kuingilia mjini, katikati ya malori, injini ikazima. Nikasema betri imekwisha. Dereva wa lori akatuazima moto kwa nyaya, gari likawaka. Hatua chache mbele likazima tena. Nyanya akaniambia taratibu, "Mwanangu, niitie tuktuk."

"Dakika mbili tu, nyanya. Litawaka."

Tuktuk zilipita moja baada ya nyingine, nami sikuinua mkono.

Ilipogonga saa sita ndipo nikampata fundi, Kazungu. Betri hakuigusa. Aliuliza kwanza ni taa gani iliyowaka, na tangu wapi. Nilipomjibu akacheka.

"Dada, gari limekwambia tangu Mazeras, ukajitia kiziwi?"

Akabonyeza mkanda wa altaneta, ile mashine inayojaza betri, kwa kidole gumba, ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. "Betri ni mtungi, altaneta ndiyo mfereji. Mfereji hautoi maji, wewe walaumu mtungi?"

Huku akikaza mkanda alinieleza: taa zikififia na stata ikagonga mfululizo, moto ni mdogo, basi tafuta kwa nini betri haijazwi: mkanda umelegea, au vichwa vya betri, pale nyaya zinaposhika, vimeingia kutu. Taa zikiwa kali na stata ikalia tak moja tu, hapo ishuku stata yenyewe. Tukaazimwa moto tena, gari likawaka, taa nyekundu ikazimika. Kazi yote haikufika robo saa.

Mji wa Kale tulifika saa saba kasoro. Barazani hapakuwa na kiatu hata kimoja cha mwanamume. Rukia, binti wa marehemu, akampokea nyanya kwa mikono miwili.

"Tulikungoja, mama mkubwa. Lakini maiti hacheleweshwi."

Nyanya akaketi kwenye kitanda cha mdogo wake, akapapasa mto. Hakunilaumu. Aliniomba maji ya kunywa, basi.

Jioni nilirudi peke yangu, yeye akabaki matangani. Njia nzima gari lilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Mkanda uliolegea ni ubovu wa gari. Zile dakika mbili zilikuwa zangu.

Nilipofika nyumbani, kabla sijaingia ndani, nilikata kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu: Taa gani imewaka? Mkanda. Vichwa vya betri. Stata. Chini kabisa nikaongeza: Abiria akitaka kushuka, mshushe. Nikakibandika juu ya usukani.