Mama Asiye na Karatasi

Marquel alikufa Jumanne, kwenye taa za barabarani pale Dublin, jimbo la Georgia, akienda kutengeneza kiyoyozi cha mchungaji. Lori la magogo halikusimama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, hana mke wala mtoto.

Bi Odessa, jirani yetu, alimlea tangu ana miezi mitano, mama yake, dada wa Bi Odessa, alipofariki. Alitaka kitu kimoja tu: asimame mbele ya wenye lori, aseme mwanawe alikuwa nani. Nikampeleka kwa wakili Whitlow.

"Karatasi za kumwasili ziko wapi?" wakili akauliza.

"Nani huku kwetu anamwasili mtoto wa dada yake? Unamwongezea kiti mezani, basi."

Wakili akavua miwani. Kwa sheria ya jimbo, akasema, fidia ya asiye na mke wala mtoto hudaiwa na wazazi wake. Mama hayupo. Amebaki baba.

Baba ni Roscoe, ambaye mara ya mwisho kuonekana mtaani kwetu bado tulikuwa tunakodi kanda za video. Hata mazishini hakuja. Lakini Whitlow alipofungua kesi kwa jina lake, alifika na suti yenye mikunjo ya dukani.

Siku ya mahojiano ya kiapo ofisini kwa Whitlow, wakili wa kampuni ya lori alimuuliza kwa upole, "Mwanao alizaliwa lini?"

Roscoe akatazama dari. "Majira ya joto."

"Alikuwa anapenda nini?"

"Mpira. Vijana wote wanapenda mpira."

Marquel alikuwa akiimba besi kanisani, mpira ulimchosha. Yule wakili akaandika, akitabasamu kidogo. Huku fidia hupimwa kwa thamani ya maisha yenyewe ya marehemu, na asiyejulikana na baba yake huonekana alikuwa na maisha madogo.

Walipopumzika, Roscoe alimfuata Bi Odessa koridoni. "Shemeji, nisaidie. Nitakupa nusu."

"Nusu yako iweke mfukoni na aibu yako, kama vitaenea."

Nikamwambia, "Twende zetu, Bi Odessa. Mwache azame."

"Akizama yeye, wanamzamisha mwanangu."

Akarudi ndani, akala kiapo. Akaongea kwa saa tatu: pumu, meno ya kwanza, wimbo aliousahau katikati, vikongwe aliowatengenezea viyoyozi bure. Roscoe alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za mgeni. Mwishoni karani aliyekuwa akiandika ushahidi akauliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Ni mwanangu."

Karani akamtazama Whitlow. Whitlow akatikisa kichwa kukataa. Karani akaandika: shahidi.