Karatasi ya Masanja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau na yenyewe imekataa. Nimesikia watumishi wenzako wa huko Nyantakara wamekuchagua wewe uwawakilishe Biharamulo mjini, kwenye kikao cha rasimu mpya ya kanuni za pensheni. Hongera. Juzi ulipopita hapa nyumbani Kibimba kunipa shikamoo ulikuwa na shati jipya na haraka nyingi, nami sikutaka kukuharibia furaha. Kwa hiyo nakuandikia. Soma taratibu, chai ikiwa mkononi.

Mimi nami nilifanya kazi huko huko uliko. Nilikuwa bwana afya wa kata, kijana Mhangaza kutoka Ngara, niliyesoma seminari miaka miwili kabla ya kurudishwa nyumbani kwa sababu ambazo si za leo. Seminari ilinipa Kiswahili kilichonyooka na kiburi cha kukitumia. Wenzangu wengi walikuwa Wasukuma na Wasubi waliokikuta Kiswahili shuleni, kama nilivyokikuta mimi, ila mimi nilijiona kama nimekizaa. Ndiyo maana walinichagua. Walisema, huyu ataweza kusema na wakubwa.

Nikueleze kidogo jinsi kanuni inavyozaliwa, maana ninyi vijana mnadhani huwa inashuka tu kutoka juu. Ile mamlaka inayosimamia pensheni za watumishi wa umma hutoa rasimu kwanza. Rasimu hupelekwa maofisini, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, watu wakapewa muda wa kuisoma. Kisha maofisa huzunguka wilayani kusikiliza, na yanayosemwa huandikwa kwenye jalada. Baadaye wanasheria hukaa na jalada hilo, wanafuta hapa, wanaongeza pale, mpaka waziri anatia sahihi na kanuni inachapwa kwenye gazeti la serikali. Ikishafika huko, mwanangu, maji yamemwagika. Nafasi ya mtu wa kata kusema neno ni ile ya mwanzoni, na wengi wetu huiacha ipite.

Rasimu ya wakati ule ilikaa kwenye ubao wa ofisi ya kata wiki tatu nzima, nusu yake imefunikwa na tangazo la kuchimba vyoo. Tangazo hilo nililibandika mimi mwenyewe. Mwakilishi wa watu, naifunika kanuni yao kwa vyoo.

Aliyeisoma yote alikuwa mtu mmoja tu, Masanja, bwana mifugo wetu. Alikuwa Msukuma, baba yake alihamia na ng'ombe zake kutoka upande wa Shinyanga yeye akiwa mdogo. Alikuwa mpole, msomaji wa polepole, kidole kinafuata mstari mpaka mwisho. Mkewe aliitwa Minza, mama wa watoto watatu, naye nilimwita shemeji kwa sababu Masanja alikuwa kwangu kama kaka. Walioana kwa ng'ombe, mbele ya wazee, kama walivyooana wazazi wao. Kanisani hawakuwahi kuingia, na kwa mkuu wa wilaya hawakuwahi kuandikishwa.

Asubuhi ya safari Masanja alinijia na ukurasa mmoja alioutoa kwenye daftari. Aliandika kwamba rasimu inamtaka mjane wa mtumishi alete cheti cha ndoa, cha serikali au cha dini, na kwamba yeye na wengi kama yeye cheti hawana. Akaomba barua ya serikali ya kijiji, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili, ikubaliwe badala yake. Halafu, ili wakubwa waelewe, akaeleza ndoa yake mwenyewe: ng'ombe kumi na wanne, majina ya wazee waliokuwepo, kijiji, na msimu, kwamba ilikuwa baada ya kuvuna. Mstari wa mwisho ulisema: "Huyu Minza ni mke wangu, na kila mtu hapa anajua."

"Kaka, usiwaeleze kwa maneno yako," aliniambia. "Isome ilivyo."

Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi, viti vya plastiki, soda kwenye kreti pembeni. Aliyekiongoza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mwanasheria wa ile mamlaka, na sina la kumlaumu. Alituambia wazi: "Sisi tunaandika tukiwa mbali. Tukikosea maisha yenu, msipotuambia, tutakosea mpaka mwisho." Wakasimama watu wa kata nyingine wakasema muda wa kuleta madai ni mfupi mno kwa wanaokaa mbali na barabara. Akaandika. Akasimama mzee mmoja, mlinzi wa shule, akasema "rikizo" badala ya likizo, na nyuma yangu watu wakacheka. Mama wa miwani hakucheka. Mimi nilicheka.

Tulipofika kwenye kifungu cha wajane akauliza kama kuna mwenye neno. Akasubiri. Akauliza tena. Mkono wangu ulikuwa mfukoni unaishika karatasi. Nikawaza jinsi nitakavyosimama mbele ya afisa utumishi wa wilaya, ambaye nilikuwa natafuta aniangalie kwa jicho zuri, nianze kuhesabu ng'ombe wa Masanja kwa sauti. Nikawaza watacheka. Tena nikakumbuka methali, maana mwenye woga hakosi methali: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajiona mwenye busara.

Lakini nikikuficha lililo chini ya woga nitakuwa nimekudanganya na wewe. Nilimdharau. Mimi cheti changu cha ndoa, chenye mhuri wa parokia, kilikuwa kimetundikwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Nikajisemea, kwani aliwazuia nani kwenda kwa padri? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye cheti hamjui asiye nacho, hata wakila sahani moja kila Jumamosi.

Mwishoni kila mwakilishi alipewa fomu. Kwenye nafasi ya kata yangu, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa seminari, niliandika: Hakuna maoni. Nikatia sahihi.

Tukirudi, gari lilisimama Runazi. Nikanunua nyama ya mbuzi ya kuchoma, mafuta yakanijaa vidoleni, nikatafuta cha kujifutia. Mfukoni mlikuwa na karatasi. Wakati ule sikuona kama nimefanya kitu.

Masanja alikuwa ananisubiri pale ofisini, amekaa kwenye jiwe. "Umeisoma?" akauliza.

"Nimeisoma, kaka. Wameandika yote."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake Minza akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, nikayanywa.

Ukipanda uongo, mwanangu, hutakiwi kuupalilia, unastawi wenyewe. Kanuni ikatoka, na sharti la cheti likabaki vilevile. Baadaye mtendaji wa kata akatangaza kwamba wilayani wanaandikisha ndoa za kimila, mwenye kutaka aende na mwenzake na mashahidi. Nilimkuta Masanja anaogesha ng'ombe wa watu kwenye josho, nikamwuliza kama atakwenda.

"Ya nini, kaka? Si ulishatusemea?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili, tena bila kuiomba. Neno moja tu lingetosha. Ningemwambia nenda, sikusema kitu kule, nenda leo. Angenikasirikia, pengine angenitukana, kisha angekwenda. Nikasema, "Kweli." Nikaendelea na safari yangu ya kukagua vyoo.

Masanja aliugua siku nne akafa, mtu mzima mwenye nguvu zake, akiwa bado kazini. Tulimzika kule kule Nyantakara.

Nilimsindikiza Minza mpaka ofisi ya kanda ya ile mamlaka. Nilijitia ujasiri siku ile, ujasiri uliokuja wakati hauhitajiki. Nikampandishia sauti kijana wa dirishani, nikamwambia kanuni zenu zinadharau watu wa vijijini, huyu mama ni mke halali, ng'ombe kumi na wanne. Kijana hakukasirika. Alisema watoto watapata haki yao mpaka wafikie umri, kwa kuwa walikuwa wameandikwa kwenye faili la kazi la baba yao, ila mke bila cheti kanuni haimtambui, na cheti hakiandikwi mume akiwa kaburini. Kisha akaingia ndani akatoka na jalada.

"Mzee, kanuni hii ilipita kwenu kwanza," alisema. "Wenzenu walilalamikia muda wa madai, ukaongezwa. Ona hapa. Kuhusu ndoa za kimila, wilaya yenu haikusema kitu." Akaligeuza jalada upande wangu. Mwandiko niliujua kabla ya kuusoma.

Minza, ambaye Kiswahili cha ofisini kilikuwa kinampita, akanigusa kiwiko. "Shemeji, anasemaje?"

"Anasema sheria ni ngumu," nikamjibu.

Akarudi kulima. Mahindi, mihogo, maharage, peke yake na watoto. Na kila mtu aliyemwuliza alimwambia kwamba shemeji yake Mhangaza alihangaika naye mpaka ofisi ya kanda, ila sheria ni ngumu. Kila mavuno aliniletea debe la maharage. Nikahamishwa, akaendelea kunitumia kwa watu wa magari. Maharage yale yalikuwa yananikaa kooni, na mke wangu akidhani nina kidonda cha tumbo.

Miaka ikapita, kanuni zikafunguliwa tena, na nesi mmoja wa mbali huko, hata simjui, akasimama kwenye kikao kama kile akasema lile lile aliloandika Masanja. Likakubaliwa. Nililisoma kwenye ubao nikakaa chini. Ila kanuni haikurudi nyuma kuwachukua waliokwisha kukosa.

Nikastaafu. Pensheni yangu inakuja, cheti changu kipo ukutani. Mwaka jana, baada ya kuvuna, nikaona nitakufa na siri hii. Nikapanda gari mpaka Biharamulo, nikachukua bodaboda mpaka Nyantakara. Minza alikuwa uani anamenya mihogo. Amezeeka, mwanangu. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote, kicheko changu kwa yule mlinzi, fomu, josho, jalada. Sikubakiza.

Alimenya muhogo ule akaumaliza, akashika mwingine. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo tu:

"Ile kalatasi bado unayo?"

Sikuelewa. Nikamwambia sasa haina kazi, muda umepita.

"Si ya ofisini, shemeji. Mwenzangu aliandika kwa mkono wake kwamba mimi ni mkewe. Alinisomea kabla ya kukuletea. Sina mwandiko wake mwingine. Nilitaka wajukuu wauone."

Nikamwambia ukweli. Runazi, nyama ya mbuzi, vidole. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, nikalia mbele ya mwanamke na maganda yake ya mihogo. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Aliniandalia chakula, akanisindikiza mpaka njiani kama ilivyo desturi, akarudi. Mavuno ya mwaka huu maharage hayakuja. Ni haki yake.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekuchosha. Asiyekuwepo na lake halipo, na wewe ndiye umetumwa ili watu wasiokuwepo wawepo. Kabla hujaondoka, isome rasimu yote, kidole kikifuata mstari kama alivyosoma Masanja. Kifungu usichokielewa ndicho huenda kitamwumiza mtu, kwa hiyo kiulizie. Usiwaulize watumishi peke yao. Pita majumbani uwaulize wake zao, maana pensheni ya marehemu hailiwi na marehemu. Na kifungu ambacho wewe hakikugusi kabisa, kisome mara mbili. Hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Watakupa karatasi. Nyingine zitakuwa na makosa ya kuandika, nyingine zitakuwa na ng'ombe ndani yake, na utaona haya. Simama na haya yako usome. Watu wakicheka, ngoja wamalize, uendelee. Ukirudi na woga umekushinda, waambie siku ile ile kwamba hukusema. Watakukasirikia, lakini watapata muda wa kujiokoa. Masanja hakuuawa na kanuni wala na mimi, alikufa kwa siku zake; ila mkewe alikosa haki kwa sababu mumewe aliniamini.

Mungu wa wazee wetu akutangulie njiani, akupe kifua cha kusimama na masikio ya kusikia unachotumwa. Akupe kuzeeka ukila maharage ya watu bila kukukwama kooni. Nenda salama. Na zile karatasi, ukishazisoma, mrudishie kila mtu yake.