Josho la Maji Matupu

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri alionipa, ingawa sehemu yake nimeimaliza kwa kuwasubiri watumishi wa serikali. Siku ya kuzindua josho letu, kijijini kwetu upande wa Milola, tulifika na ng'ombe mara baada ya swala ya alfajiri. Wageni walifika jua la utosi, mashati yamenyooshwa, wakauliza viti viko wapi.

Sisi ni watu wa mikorosho, ng'ombe tumewajua juzi. Nilikuwa na jike mmoja tu, niliyemnunua kwa wafugaji waliohamia huku. Maziwa yake ndiyo yaliyomshikilia mke wangu, ambaye tumbo lake halipokei chakula kigumu. Kupe walikuwa wamemjaa ng'ombe huyo masikioni, na bwana mifugo alituahidi kuwa dawa ya serikali itawamaliza.

Nilipewa heshima ya kuomba dua. Watu wakaitikia amina, ng'ombe wakatumbukizwa mmoja mmoja, picha zikapigwa. Mfugaji mmoja akachota maji kwa kiganja, akanusa.

"Babu, haya maji hayana kitu."

"Nyamaza, wageni watasikia."

Hilo ndilo kosa langu. Tumelelewa kutomwaibisha mgeni, hata anapotudanganya mchana kweupe.

Baada ya pilau, bwana mifugo alikiri kwa sauti ya chini. Dawa imebaki stoo Lindi mjini, mwenye ufunguo yuko semina, na mgeni rasmi hana siku nyingine. "Italetwa wiki ijayo, sheikh."

Nikasubiri, subira nimefundishwa tangu chuo cha Kurani. Wiki ya tatu ng'ombe akaacha kula, tezi za chini ya masikio zikavimba. Nikampigia simu bwana mifugo.

"Shikamoo sheikh."

"Marahaba. Ng'ombe wangu ana ndigana, ule ugonjwa wa kupe."

"Haiwezekani. Kwenye taarifa, wa kwako ameogeshwa."

"Kwa maji ya kisima!"

"Taarifa imeshapanda mkoani, sheikh."

Yule mfugaji alikuja na sindano yake mwenyewe, hakuna aliyemwalika kwa barua. Akamshika ng'ombe shingo, akatikisa kichwa. "Babu, tumechelewa." Povu lilikuwa likimtoka puani. Nikamlaza kuelekea kibla, nikamchinja kwa bismillahi, asije akawa nyamafu.

Kwa kukagua nyama, bwana mifugo alifika kwa pikipiki kabla ya adhuhuri. Kumbe mwendo anao. Akapasua mapafu, maji yakamwagika.

"Ndigana kali hii. Msile, zikeni."

"Alhamdulillahi, leo umeijua."

Akatoa fomu, na mahali pa sababu ya kifo akaandika: uzee. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amezaa mara mbili tu.

"Weka sahihi hapa, mzee wangu, tusisumbuane."

Nikamrudishia kalamu yake. Ndani, mke wangu alikuwa akiuliza kama maziwa ya leo yamekamuliwa. Nikaenda kumjibu, kwa kuwa hilo hakuna ofisi ambayo ingenifanyia.